Kutoka wodini kwenda kuhudumia wagonjwa majumbani: si adhabu, mdogo wangu

Umeuliza kama kutolewa wodini na kupangiwa kuzunguka majumbani ni kushushwa, na kama ujuzi wako hautaozea huko. Umesema wiki ya kwanza tu ulilia njiani, maana ulimkuta mzee wa kiharusi amelalia kidonda, na hakukuwa na daktari wa kumwita. Mimi ni muuguzi mwenzako, nimekaa wodini miaka sita na majumbani miaka kumi na mmoja, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Wodini nilidhani najua kazi. Mgonjwa yuko kitandani, faili lipo, dawa anameza mbele yangu. Akiruhusiwa, kwangu mimi huyo amepona. Akishavuka geti, sikujua kinachoendelea, na wala sikuuliza.

Aliyenifungua macho ni baba mmoja mwenye kisukari. Alikuwa na kidonda chini ya kidole gumba cha mguu, akaja kliniki karibu miezi mitatu kusafishwa. Tunasafisha, tunafunga, tunaandika kwamba kidonda hakiponi na asisitiziwe kudhibiti sukari. Sukari yenyewe haikuwa mbaya kiasi hicho. Siku ya kwanza kwenda kwake nilimkuta anajiandaa kutoka, anavaa kiatu cha ngozi juu ya bendeji. Kliniki alikuwa anakuja na kandambili, kwa hiyo kiatu kile hakuna aliyewahi kukiona. Nikamwomba anipe. Nikaingiza mkono, nikapapasa taratibu kuanzia kisiginoni hadi mbele. Pale pale kidole gumba kinapokanyagia, ncha ya msumari ilikuwa imechomoza kwenye soli. Mimi ilinichoma kidoleni. Yeye hakuwa anaisikia, kwa sababu kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, ganzi ikaingia bila mtu kujua. Miezi mitatu tulikuwa tunafunga kidonda ambacho kila asubuhi kilikuwa kinatobolewa upya. Kiatu kilikwenda kwa fundi, mguu ukapumzishwa, na baada ya wiki kadhaa ngozi ikafunga.

Sasa niambie, ni ujuzi gani wa wodini ungeuona ule msumari?

Tangu siku hiyo sipimi presha kabla sijatazama nyumba. Na siulizi, "Dawa unameza?" Kila mtu atasema anameza. Nasema, "Mama, naomba nizione dawa zako." Kuna mama presha yake ilikuwa haishuki chini ya 170/100, na kila akienda kliniki anaongezewa dozi. Alinitolea kopo limejaa vidonge. Alikuwa anaruka kile cha kupunguza maji mwilini, kwa sababu alikuwa anakimeza jioni, na usiku kinamwamsha mara nne kwenda chooni, na choo kiko nje, gizani. Aliogopa kuanguka, na alikuwa na haki ya kuogopa. Tulihamishia kidonge hicho asubuhi, basi. Kilichonitisha ni kwamba dozi zilikuwa zinapanda kwenye karatasi tu. Angelazwa siku moja akapewa zote kama zilivyoandikwa, presha ingeweza kushuka ghafla na kumdhuru.

Jambo jingine: wodini mgonjwa ndiye mgeni, nyumbani mgeni ni wewe. Bisha hodi, subiri ukaribishwe, kaa unapoonyeshwa. Jirani atakudaka njiani akuulize mgonjwa anaumwa nini. Mwambie umekuja kumjulia hali, upite. Ukitoboa siri ya mtu mmoja anayetumia dawa za kifua kikuu, mtaa mzima utakufungia milango, na yule mgonjwa aliyebakiza miezi minne katika miezi sita ya dawa anaweza kuacha kwa aibu.

Kwa mama waliojifungua, usiache ziara za mwanzo zikupite. Vifo vingi vya watoto wachanga hutokea ndani ya wiki ya kwanza, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mama na mtoto waonwe tena kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya sita. Mtoto asiyenyonya vizuri, anayepumua kwa shida, mwenye joto au mwili wa baridi, usimsubirishe hadi kesho. Mpe rufaa hapo hapo.

Na hayo machozi yako yana historia. Mwaka 1859 huko Liverpool, Uingereza, tajiri William Rathbone alifiwa na mke aliyekuwa akiuguzwa nyumbani na muuguzi Mary Robinson. Akamwajiri muuguzi yule yule aende kwenye nyumba za maskini, kwa majaribio ya miezi mitatu. Mary alizidiwa na hali aliyoikuta, akataka kuacha. Rathbone akamsihi avumilie, na muda ulipokwisha Mary hakutaka tena kurudi kwenye kazi yake ya zamani. Uuguzi huu wa majumbani ulikua kutokana na ziara zake.

Kinachoniuma katika kazi hii ni kuhesabiwa nyumba. Bosi mmoja alinitaka nifikishe kumi na mbili kwa siku, na kiatu cha yule baba nisingekiona kwa mwendo huo. Tetea muda wako mapema, kwa adabu, ukiwa na daftari lako mkononi.

Turudi kwa mzee wako. Kidonda cha kulalia hakitibiwi na bendeji peke yake wakati bado anakilalia. Ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, visigino vining'inie bila kugusa godoro, kwa kuweka mto chini ya mashavu ya miguu, shuka likavu lisilo na mikunjo, na apate chakula chenye protini. Ukiona weusi, harufu mbaya, homa au mfupa, huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Ziara ijayo usimgeuze wewe. Mwambie anayeshinda naye amgeuze huku ukitazama, umrekebishe mikono, kisha arudie peke yake hadi uone mzee hakunji uso.