Ndama anahara: maji kwanza

Papa, unauliza kwa nini ndama wako wa siku 8, hapo pembeni ya Goma, anaendelea kuhara hata baada ya sindano ya tetrasiklini (antibiotiki). Kwa umri huo mara nyingi ni virusi vya rota au korona ya ng'ombe, na antibiotiki haiui virusi. Kinachomaliza ndama ni kukaukiwa maji. Chemsha lita 1 ya maji, ipoe iwe vuguvugu, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mnyweshe mara kwa mara, katikati ya nyakati za kunyonya. Maziwa usimkatie (wengi hukatia, njaa ikamwua). Mtenge na wenzake. Macho yakididimia, au akishindwa kusimama, mwite veterineri leo hii.