Mbegu za dawa hazioti: je, nizimwagie zote maji ya moto?

SWALI: Mtaalamu habari. Niko Arua, naanza kitalu kidogo cha mimea ya dawa. Nilinunua mbegu za mwarobaini, abasi, ukwaju na atemisia, mtu akaniambia mbegu za dawa ni ngumu lazima zilale kwenye maji ya moto, nikafanya hivo kwa zote. Sasa ni wiki ya 5, ukwaju peke yake ndo umetoka. Mbegu mbovu ama ni mimi?

JIBU: Pole sana dada. Maji ya moto yanatibu ugonjwa mmoja tu, ganda gumu lisilopitisha maji. Ukwaju unao huo ugonjwa, mmea wa sena pia, ndo maana ukwaju wako umetoka. Wale wengine watatu hawana, kwa hiyo umewapikia bure.

Tuanze na huo ukwaju kwa sababu utafanya tena. Chemsha maji, yatoe jikoni, subiri kidogo, tumbukiza mbegu, maji yawe mengi, mara 5 hadi 10 ya mbegu, alafu ziache humo zipoe zenyewe mpaka kesho. Zilizovimba zimekunywa maji, sia siku hiyo hiyo. Ambazo bado ni kama kokoto usizichemshe tena, sugua na msasa au zing'ate kidogo na kikatia kucha, ila upande wa mbali na kijicho (kialama mbegu iliposhikamana na tunda) maana kiini kiko karibu na kijicho, ukikata pale umeua mtoto.

Mwarobaini ni hadithi nyingine kabisa. Shida yake ni umri, ganda halina neno. Mbegu ikikaa hivi hivi kwenye joto wiki 2 au 3 nguvu inaanza kuisha haraka, na ya sokoni hujui ilidondoka lini. Pasua chache uangalie ndani: kijani ni hai, ikiwa ya kahawia au manjano tupa. Na wewe uko West Nile (huko huko kwenu Arua) jamani, miarobaini imejaa huko, okota matunda ya manjano mwenyewe, menya nyama yote, osha, anika kivulini siku 1 au 2 kisha sia. Maji ya baridi usiku mmoja yanatosha.

Abasi, yaani Warburgia ugandensis, hapo nina kidonda changu. Miaka ya mwanzo niliianika juani siku 4 nikidhani nahifadhi vizuri kama maharagwe, nikasia kitanda kizima, sikupata hata mche mmoja, na bosi alikuwa anapita kila asubuhi kuuliza. Mbegu yake haipendi kukauka, ikikauka sana imekufa na hakuna maji yatakayoifufua. Chukua tunda linalogeuka zambarau, loweka kidogo nyama ilainike, kamua, osha, anika kivulini kwa muda mfupi, sia mbichi mbichi. Matibabu mengine haihitaji.

Atemisia nayo ni vumbi tu, gramu moja ina mbegu zaidi ya 10,000, maji ya moto yaliimaliza siku ile ile. Hata bila maji ya moto wengi wanaikosa kwa sababu wanaifukia, na yenyewe inataka mwanga ili iote. Changanya na mchanga mkavu laini, nyunyiza juu ya udongo uliolowa, gandamiza kidogo na kibao, usifunike na udongo. Kumwagilia tumia bomba la kunyunyizia dawa lililosafishwa vizuri (lisiwe na masalia ya dawa ya magugu!), ukitumia kopo mbegu zote zitakimbilia kona moja.

Kuna watu watakuuzia homoni ya jibereliki, dawa ya kuamsha mbegu, kwa hii mimea yako weka pesa mfukoni kwanza.

Mzigo ujao usisie wote kwa pamoja. Toa mbegu 20 uzitibu, nyingine 20 uziache hivyo hivyo, panga kila kundi kwenye kitambaa chenye unyevu, hesabu kila siku mbili zimeota ngapi. Atemisia iweke kwenye sahani wazi penye mwanga, kitambaa usikikunje. Kama makundi yote mawili yamelala, rudisha mzigo kwa muuzaji kabla hujajaza udongo kwenye viriba.