Fumbo la ukutani mgahawani Majengo

SWALI: Anko shikamoo, nipo Moshi. Mama mmoja mwenye mgahawa huku Majengo kabandika karatasi ukutani tangu wiki iliyopita, imeandikwa AMWN SRVPN UNSMLI XXVZ UGRZH na pembeni kuna mchoro wa mkungu wa ndizi, eti atakayefumbua anakula bure. Nimejaribu ile ya Caesar ya kusogeza herufi tatu, nikasogeza mpaka hatua zote 25, nikageuza A iwe Z na B iwe Y, wapi! Mshkaji wangu anasema wamevuruga tu mpangilio wa herufi. Nisaidie anko, njaa inauma.

JIBU: Marahaba. Mshkaji wako mwambie atulie, maana ingekuwa herufi zimevurugwa tu hizo X mbili zingetoka wapi, Kiswahili gani kina X, na vokali zenyewe ni nne tu kwenye herufi 24!

Fumbo la Kiswahili we anza na mwisho wa maneno, kwa sababu karibu kila neno letu linaishia na vokali (wale wanaosema tafuta E wanaongelea Kiingereza, kwetu A ndo imejaa). Kama kila herufi ingekuwa imepewa mbadala mmoja tu, basi N, I, Z na H zote ni vokali, imebaki moja, hebu jaribu kuunda maneno yote matano hivyo uone unavyokwama. Mimi hapo nikahamia njia ya kuficha ujumbe iitwayo Vigenère, ambayo kusema kweli aliichapisha Mwitaliano Bellaso mwaka 1553, Mfaransa Vigenère kabebeshwa jina tu. Inatumia neno la siri, kila herufi ya neno hilo inakwambia usogeze hatua ngapi, A sifuri, B moja, mpaka Z 25, likiisha unalianza upya.

Mjerumani mmoja, Kasiski, alionyesha mwaka 1863 jinsi ya kuipasua kwa kutafuta vipande vinavyojirudia, ila kwa ujumbe mfupi hivi hupati kitu, unakisia tu. Na mchoro si umepewa? Nikaweka NDIZI. N ya NDIZI ni 13, na kufumbua ni kurudi nyuma (ukipita A unaendelea na Z): A rudi hatua 13 unapata N, M rudi 3 ni J, W rudi 8 ni O, N rudi 25 ni O tena. Umeona, O mbili zimekuwa W na N, halafu zile XX kumbe ni K na U, ndo maana Caesar alikugomea. Endelea hivyohivyo, nafasi usizihesabu: NJOO KESHO MAPEMA KUNA MTORI.

Sasa hiyo kesho ni ya lini kamuulize mama mwenyewe, maana karatasi ina wiki nzima ukutani.