Maswali na Majibu: Umepangiwa Mlezi wa Kazi, Umpelekee Nini?

Barua za safari hii zinahusu ulezi wa kikazi, yaani utaratibu wa kumkabidhi kijana au mgeni wa kazi kwa mtu mzoefu ili akue chini yake.

Shikamoo. Nimehitimu uhasibu Chuo Kikuu cha Dodoma, na ofisi ninayojitolea huko Mtumba imenipangia mlezi. Kila tukikutana tunaishia kusalimiana na kuulizana habari za nyumbani. Nimuulize nini? – Mhitimu, Nkuhungu

Marahaba. Usianze na swali, anza na kazi. Mtu aliyekaa kazini miaka mingi hawezi kukupa ujuzi wake kwa kuulizwa namna ya kufanikiwa maishani, kwa sababu sehemu kubwa ya ujuzi huo hajawahi kuiweka katika maneno, na hujitokeza pale tu anapoona jambo lililokaa vibaya mbele yake. Kwa hiyo, kwa ruhusa ya msimamizi wako, chukua ulinganisho wa hesabu za benki ulioandaa mwenyewe, umpelekee siku mbili kabla ya kikao, uweke alama kwenye mstari uliokusumbua, kisha umwombe akuonyeshe yeye angeanzia wapi. Mkimaliza, andika mlichokubaliana na urudi kikao kinachofuata na matokeo, hata kama ni mabaya. Mlezi anayeona ushauri wake umefanyiwa kazi hutafuta nafasi ya kukuona. Anayeona ushauri huo umepotea bure huanza kuwa na safari nyingi.

Jambo la pili ni mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ambayo hufanyika Mei na Novemba. Kama mlezi wako aliipitia, pangeni pamoja masomo ya kila awamu, maana yeye anajua mtu aliyeajiriwa hubakiwa na saa ngapi za kusoma. Habari za nyumbani msiziache, kwani kwetu mtu hafunguki kabla ya kujuliana hali, ila zisile kikao chote.

Niko katika mpango wa mafunzo kwa vitendo wa wahandisi wahitimu. Je, anayenisimamia anatosha kuwa mlezi?

Anatosha kwa upande wa ufundi. Mpango huo wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ulioanza mwaka 2003, humweka mhitimu chini ya mhandisi mzoefu kwa muda unaofika miaka mitatu, na lengo lake ni kumfikisha kwenye usajili wa kitaaluma. Hata hivyo, ni vigumu kumweleza mashaka yako yote mtu yuleyule anayekutathmini, kwa hiyo tafuta mwingine nje ya mradi wenu.

Mlezi wangu ni mkuu wa idara. Siku hizi anataka tukutane jioni, tena si ofisini, na amedokeza kwamba ajira yangu iko mikononi mwake. – Dada, Area C

Pole sana, dada. Huo si ulezi tena. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo au haki yoyote. Usiende huko anakokuita. Tunza ujumbe wake wote bila kufuta, andika tarehe na maneno aliyokutamkia, mweleze mtu mmoja unayemwamini, kisha ufike TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa. Mratibu wa mpango wa ulezi aombwe kukubadilishia mlezi mara moja, na huna deni la kumweleza yeyote kwa nini hukuvumilia.

Mimi nalima zabibu Mpunguzi. Ulezi huu ni wa watu wa ofisini tu?

Hapana, na kwa maoni yangu mkulima anauhitaji zaidi. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, hivyo kosa la kupogoa hugharimu msimu, na maelezo ya mdomo hayamwonyeshi mtu tawi lipi likatwe na macho mangapi, yaani sehemu zinazochipua, yaachwe. Mwombe mkulima mzoefu akupokee shambani kwake siku za kupogoa, ukamsaidie kazi huku ukitazama mkono wake. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Makutupora watakujibu kuhusu mbegu na magonjwa. Mnunuzi yupi huchelewesha malipo, hilo utaambiwa na jirani.

Kijana ninayemlea ananiomba nimsemee apandishwe daraja. Nikikataa ataona sikumsaidia kitu.

Mkatalie mapema, bila kumtweza, kabla matumaini hayajaota mizizi. Utendaji wa mtumishi wa umma sasa hupimwa kupitia mfumo wa kielektroniki uitwao PEPMIS, kwa hiyo kaa naye mpitie malengo aliyoyajaza, mkitenganisha yale yanayopimika na yale ya kupendeza tu kuyasoma. Akihitaji barua ya mapendekezo, mwandikie yale uliyoyashuhudia mwenyewe, na umwonyeshe rasimu kabla hujaitia sahihi.