Mgonjwa wangu anataka diazepamu (dawa ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi) ya mwezi mzima, nimwandikie?

Pole na kazi, daktari. Umesema mama huyo anataka diazepamu ya mwezi, na nyumbani anameza tramadoli, dawa kali ya maumivu, kwa ajili ya mgongo. Usimwandikie hiyo ya mwezi. Zikikutana, dawa hizo mbili zinaweza kumkata pumzi akiwa usingizini. Ila usimsimamishie ghafla pia: aliyezoea diazepamu kwa miezi anaweza kupata degedege. Mpunguzie taratibu, cheti cha siku saba saba, na idadi ya vidonge uiandike kwa tarakimu na kwa maneno (nimeshaona 10 ikigeuzwa 100). Sababu iwe kwenye faili, rejesta ya dawa ilingane na vidonge vilivyobaki kabatini. Akimtuma jirani kuchukua, mwite mama mwenyewe kwanza.