Maswali ya Sarafu: Ndimu Iacheni Jikoni

Nina peni ya Uingereza ya 1933. Niuze bei gani?

Kabla ya bei, chukua lenzi. Mwaka huo peni za zamani zilitosha sokoni, hazikuhitajika mpya. Zinazojulikana leo ni kama saba tu. Walaghai hukwangua tarakimu ya mwaka mwingine igeuke 3. Ikinasa kwenye sumaku ni nakala. Isiponasa, bado hujathibitisha kitu: peni ya 1935 nayo ni bronzi, mchanganyiko wa shaba usionaswa na sumaku.

Peni 2 yangu imeandikwa NEW PENCE. Mtandaoni wanasema ni mali.

Ya mwaka gani? Swali hili hurudi kila mara, na kila mara mwaka haupo. Maneno hayo yako kwenye kila peni 2 ya 1971 hadi 1981. Yenye mali ni ya 1983, iliyopigwa na maneno hayo kwa kosa, tena kwenye seti za wakusanyaji, si kwenye chenji.

Kwa nini peni moja inanasa sumaku na nyingine hainasi?

Bronzi iliachwa Septemba 1992. Zilizofuata ni chuma kilichopakwa shaba.

Robo peni yangu ya 1901 ni nyeusi tii. Nitumie ndimu au majivu?

Usitumie chochote! Weusi huo umetoka kiwandani: kuanzia 1897 hadi 1917 robo peni zilitiwa weusi makusudi, maana ikiwa mpya na inang'aa, watu waliipitisha kama nusu sovereni ya dhahabu. Ukiing'arisha unafuta historia yake, na pesa yako pia.

Ndimu hula ngozi ya bronzi ikabaki waridi. Majivu huacha mikwaruzo ambayo mnunuzi huiona mara tu anapoiinamisha kwenye taa. Kama kuna udongo, loweka siku nzima kwenye maji yaliyotoneshwa (ya betri, ndiyo, lakini si asidi yake), kisha ikaushe kwa kuigusagusa na pamba. Usisugue. Utelezi wa kijani hutokana na mifuko laini ya plastiki ya PVC: tumia asitoni (kiyeyusho) halisi kwenye bakuli la kioo, mbali na moto, na mifuko hiyo itupe. Dawa ya kufutia rangi ya kucha haifai, ina mafuta.

Senti 10 yenye tundu, 1936, ina jina EDWARDUS VIII. Ni adimu?

Si adimu. Mfalme huyo alijiuzulu Desemba 1936 kabla Uingereza haijatoa sarafu zake, lakini hii ya Afrika Mashariki haikuhitaji sura yake, jina na taji tu, hivyo zikapigwa kwa mamilioni. Ukiona herufi ndogo, ni alama ya kiwanda: H ni Heaton, KN ni Kings Norton, vyote vya Birmingham, Uingereza. Tazama ukingo wa tundu: kama umelika kwa kutungwa kwenye uzi, mkusanyaji ataipita.