Maswali yenu: Kwa nini Klay alirudi na Rose "akaisha"?

SWALI: Dada, habari za kazi? Mimi ni mshabiki wa timu ya kikapu ya Chicago tangu enzi za Derrick Rose. Kijiweni kwetu Tabata wananizodoa kila siku: eti Rose alikatika ACL ya goti akaisha, wakati Klay Thompson alikatika hiyo hiyo, akarudi akabeba ubingwa na Golden State. Wanasema Rose alikuwa mvivu wa mazoezi. Ni kweli? Na timu inajuaje kama mtu aliyepasuliwa goti bado anafaa kupewa mkataba mnono?
Msomaji, Tabata

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Waambie hao wenzako wahesabu operesheni kwanza, ndipo waongee habari za uvivu. Klay aliumia goti mara moja, la kushoto, Juni 13, 2019, fainali dhidi ya Toronto. Kano ya kisigino iliyokatika 2020 ni habari nyingine. Rose alikatika ACL ya kushoto Aprili 28, 2012, imebaki dakika moja na ushei, Chicago wako mbele kwa pointi 12. (Mpaka leo sijaelewa alikuwa anatafuta nini uwanjani.) Novemba 2013 ikachanika meniskasi, yaani gegedu la ndani, ya goti la kulia. Februari 2015 ile ile tena. Aprili 2017 meniskasi ya kushoto. Goti la Klay liliumia mara moja. Rose alipasuliwa mara nne, tena mara tatu kati ya hizo si ACL.

Hapo ndipo penye jibu lako. ACL ni ligamenti, utepe mgumu unaofunga mfupa kwa mfupa, inayozuia ugoko usichomoke kwenda mbele. Mchezaji akiletwa kwangu namlaza chali, namkunja goti, nashika mguu chini ya goti kwa mikono miwili na kuuvuta kuja kwangu. ACL ikiwa nzima, mguu unagota. Ikiwa imekatika, unateleza tu, hakuna kinachoushika. Lakini mtu huyo huyo anaweza kusimama na kutembea mbele kwa mbele. Klay siku ile alitoka njia ya kwenda vyumbani, akarudi uwanjani, akapiga mitupo yake miwili ya adhabu na kuingiza yote. Kinachomshinda mtu wa namna hiyo ni kugeuka ghafla.

ACL inatengenezeka. Daktari anakata kipande cha kano ya mchezaji mwenyewe, chini ya pia ya goti au nyuma ya paja, anakipitisha kwenye matundu aliyotoboa mfupani. Baada ya hapo ni miezi tisa hadi mwaka wa mazoezi ya kuchosha roho, na wengi wanarudi. Jamal Murray wa Denver alikatika Aprili 2021, na 2023 akawa bingwa.

Meniskasi ndiyo ninayoiogopa. Ni gegedu lililokaa kati ya mifupa miwili kupokea uzito kila mchezaji anapotua, na sehemu yake ya ndani haifikiwi na damu, kwa hiyo haijiungi yenyewe. Ukiikata sehemu iliyochanika unarudi uwanjani mapema, lakini unatua mfupa ukikaribia mfupa kwa miaka yote inayobaki. Brandon Roy wa Portland, aliyechaguliwa mara tatu kwenye mechi ya nyota (All-Star), gegedu lilimwishia magoti yote mawili. Desemba 2011 akatangaza kustaafu akiwa na miaka 27. Mwaka uliofuata akajaribu tena na Minnesota, akacheza mechi tano tu. Mvivu naye?

Na huyo Rose "aliyeisha" alifunga pointi 50 dhidi ya Utah, Oktoba 31, 2018, na akastaafu 2024. Kasi ile ya mwaka 2011 alipokuwa MVP, mchezaji bora wa msimu, haikurudi, hilo nakubali.

Sasa mikataba. Timu za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, hupima afya kabla mchezaji hajasaini, na picha za MRI zinazoonyesha ndani ya goti huweza kushusha bei ya mtu kuliko mechi mbovu kumi. Mwaka 2009, mwaka ambao Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa wa pili timu zilipogawana wachezaji wapya (drafti), DeJuan Blair aliporomoka hadi nafasi ya 37 kwa sababu hakuwa na ACL kwenye goti lolote. Hakuwa nazo kabisa! Na Februari ya mwaka huo huo, kwenye mechi ya vyuo, alichukua ribaundi 23 (mipira inayorudi baada ya kukosa kikapu) na kumbwaga Hasheem chini kama gunia. Kuna watu wachache ambao misuli ya paja inawashikia goti. San Antonio walimchukua kwa bei ya chini, akacheza NBA misimu saba.

Upande wa pili yupo mchezaji Amar'e Stoudemire. Mwaka 2010 Phoenix, timu yake waliomjua goti kwa goti, walikataa kumhakikishia fedha za miaka yote. New York wakampa miaka mitano, karibu dola milioni 100, na bima ikakataa kuyabeba magoti yake. Msimu wa kwanza alikuwa moto. Baadaye akapasuliwa magoti yote mawili, mishahara ikaendelea kutoka mfukoni mwa timu, hadi walipoachana Februari 2015.